Mlango Uliokataa

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Mvua ilikuwa imenyesha Kolwezi usiku kucha, na asubuhi hiyo bado yalikuwa yakidondoka matone membamba, yale yasiyokulowesha mara moja bali yanakula koti polepole. Barabara za mtaa wa Manika zilikuwa tope jekundu. Vilima vya mabaki ya migodi havikuonekana kwa ukungu.

Inspekta Laurentine Beya alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya ushirika wa wachimbaji, akafuta viatu kwenye kizingiti, kisha akasimama chini ya paa na kufumba macho.

"Bwana, nifungue macho, unifunge mdomo," alinong'ona.

Ndiyo ilikuwa sala yake katika kila kesi. Hakuna mwenzake kituoni aliyeicheka, kwa sababu kesi zake zilikuwa na tabia ya kwisha.

Hii ilikuwa haijaisha. Ushirika ule uliweka ramani za mashimo yake yote ya shaba na kobalti kwenye kompyuta moja kubwa, seva, iliyokaa hapo Manika. Depo ya mtaa wa Kapata, ilikopokewa mawe ya mashimo hayo, ilizisoma kwa mbali kupitia antena ya juu ya paa. Shimo lenye hatari lilizungushiwa mstari mwekundu, na palipo na mstari mwekundu hakuna mtu kushuka. Wiki iliyopita mstari wa shimo la Kaskazini ulitoweka kwenye ramani. Wachimbaji wakashuka. Ukuta ukawaangukia. Mungu aliwahurumia, hakufa mtu, lakini Kassim, kiongozi wa timu, alitolewa humo na mguu uliovunjika. Seva ilipoulizwa ni nani mwenye ile ramani, ilijibu jina moja tu: glodie.

Glodie alikuwa fundi wa mtandao wa ushirika. Tangu Ijumaa alikuwa akilala mahabusu, na leo adhuhuri gari lingemchukua kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Anayefikishwa kule kwa shauri kama hili harudi nyumbani jioni.

Polisi mmoja alikuwa amekwisha kumleta. Aliketi kwenye chumba cha seva, kitenge kimekunjamana, nywele hazijaguswa. Mbele yake alisimama Tata Antoine, rais wa ushirika, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi.

"Mama Inspekta, unamuleta tena huyu mu nyumba yangu? Aharibu na yenye ilibakia?"

"Nimeleta kinywa chake, tata président," Beya alisema akivua koti. "Mikono itabakia juu ya meza. Mi njo nitaandika."

Glodie aliweka viganja vyake mezani, vidole vimetanuliwa, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Beya akaketi mbele ya kibodi.

"Tata président, niambie tena. Kwa nini ni yeye?"

"Ni kintu ya wazi! Ramani iko na mwenyewe moja. Bengine bote banaweza kuisoma, hapana kuiandika. Yeye mwenyewe alinifundisha ile. Sasa ramani iliandikwa. Nani aliiandika? Shetani?"

"Shetani haana akaunti hapa," Glodie alisema.

Polisi wa mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa.

"Neno lako la siri," Beya alimgeukia, "nani mwengine analijua?"

"Hakuna, mama. Hata mama yangu."

"Linaweza kuibiwa. Nionyeshe siku zenye jina lako liliingia mu seva."

Glodie alimtajia amri, herufi kwa herufi. Beya aliiandika taratibu. Mistari ikashuka kwenye skrini, na Beya akaifuata kwa ncha ya kalamu. Jumatatu ile ambayo mstari mwekundu ulifutwa, jina la Glodie halikuingia kwenye seva hata mara moja. Wala Jumapili. Wala Jumanne.

"Basi hapa hakuna aliyeiba neno la siri," Beya alisema. "Mwenye kuiba ufunguo anapita mlangoni. Huyu hakupita."

"Alifuta nyayo!" Antoine alisema.

"Tata, ningefuta nyayo, ningeacha jina?" Glodie aliuliza.

Antoine aliongeza sauti. "Na base? Eh? Base ya vibali! Kapata haiwezi kuifungua. Dimitri ananipigia kila asubuhi, wachimbaji banasimama kwa mvua, hakuna kibali yenye kutoka. Yeye ako mu cachot ya polisi na anatufungia milango!"

Beya aliinua kichwa. Dimitri alikuwa mkuu wa depo ya Kapata. Vibali vya kushuka mashimoni vilikaa kwenye base, hifadhidata iliyokuwa ndani ya seva hii hii.

"Dimitri alianza kukupigia siku gani?"

"Ah, zamani. Kabla ya ile ajali. Ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi. Ramani ikaharibiwa Jumatatu. Glodie akafungwa Ijumaa." Beya alizipanga siku hizo hewani kwa kalamu. "Donc base ilikataa Kapata wakati huyu alikuwa angali anakunywa chai yake kwao. Glodie, seva ikimukatalia mutu, inaandika mahali?"

"Inaandika, mama. Base iko na kumbukumbu yake."

Akamtajia njia ya faili. Beya aliifungua, na skrini ikajaa sentensi moja iliyorudiwa tena na tena kama mtoto anayebisha hodi: mashine yenye anwani inayoishia na hamsini na saba imeomba kuingia, haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, imekataliwa.

Glodie aliinama mbele hadi polisi akasogea.

"Ile si Kapata," alisema.

"Ni nani?"

"Sijue. Kapata iko na kumi na mbili. Mi mwenyewe niliipigilia anwani ile mu mashine yao, haibadilike. Hamsini na saba ni namba ya mugeni. Mashine yenye kukuja bila anwani, mtandao unaipa yenye unaipata."

"Na base inafungulia nani?"

"Kumi na mbili tu."

"Na folda ya ramani?"

Glodie alimtazama rais, kisha akatazama viganja vyake. "Nilikuwa niliifunga vile vile. Tata président akasema batu banalalamika. Akasema, fungulia mutandao muzima, sisi wote ni ndugu."

Antoine alitoa kitambaa akafuta shingo.

Beya alirudia mistari ile kwa ncha ya kalamu. Mvua ilisikika kwenye mabati. "Angalieni," alisema hatimaye. "Mugeni mumoja amepiga hodi ku milango mbili. Base ikamwambia, sikujue. Folda ikamwambia, karibu. Siku zote tunaugombeza ule mlango wenye ulikataa, na ni wenyewe tu ulikuwa unasema kweli."

"Mais jina, Mama Inspekta!" Antoine alisema. "Mugeni anaweza kuingia. Kuandika juu ya ramani hawezi. Ni Glodie tu!"

"Njo pale ninafika. Glodie, seva inajuaje ramani ni yako? Inaandika jina lako juu yake?"

"Hapana, mama. Inaandika namba. Jina ni la kutuonyesha sisi tu."

"Nionyeshe namba."

Herufi moja iliongezwa kwenye amri. Jina la Glodie likatoweka kando ya ramani, na mahali pake pakaja tarakimu: 1000.

"Kwa nini elfu moja?"

"Linux, mufumo wa hizi mashine, inafanya vile. Mutu wa kwanza wa kuandikishwa mu mashine anapewa elfu moja. Wa pili, elfu moja na moja. Hapa wa kwanza nilikuwa mi."

"Mu mashine hii."

"Mu kila mashine, mama."

Beya aliweka kalamu chini. Alikuwa amezaliwa Kapata, kwenye zile safu za nyumba za kampuni zinazofanana kama mapacha, na kila avenue ya Kapata inaanza na nyumba namba moja. Mtoto wa Kapata akitumwa hasemi namba kwanza. Anasema avenue, ndipo namba. Wageni ndio wanaokosea.

"Tata président," alisema, "mahari ya dada yangu ilikuwa na mbuzi. Mukwe akamutuma mutu wa kutoka Kisenge: peleka nyumba namba saba, Kapata. Akapeleka namba saba. Ya avenue ingine. Bale batu bakashukuru Mungu, bakamukula."

Antoine alitabasamu bila kutaka. Kisha tabasamu lake likakauka, maana alianza kuona mbuzi yule anakoelekea.

"Namba ni moja," Beya alisema akivaa koti, "nyumba ni mbili. Naenda kuangalia nani anakaa elfu moja ya Kapata. Tata président, weka simu yako karibu, usiifunge. Utakaa hapa mbele ya skrini. Na Glodie, ile mikono, usiiondoshe ku meza."

Nje, Nasoro, mwenye pikipiki, alikuwa amelifunika tandiko kwa mfuko wa plastiki. Familia yake ilitoka mashariki kwa biashara ya usafiri, naye alijua kila shimo la barabara kwa jina.

"Kapata, mama? Avenue gani?"

"Mungu akubariki, Nasoro. Wewe umeuliza vizuri."

Depo ya Kapata ilikuwa nyumba ya zamani ya kampuni, ukuta mmoja umebomolewa kupanua chumba. Wachimbaji walikuwa wamejibanza chini ya paa la mbele, wamekunja mikono, sepetu zimeegemezwa ukutani. Kassim aliketi kwenye benchi, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama boriti.

"Mama Inspekta, base inafunguka leo, ao tuote mizizi hapa?" alipaza sauti.

"Omba, baba. Nimekuja kuifungua."

Dimitri aliinuka kumpokea. Alikuwa kijana wa suti ya michezo safi, mwenye saa kubwa na adabu nyingi. "Mama Inspekta, karibu. Ile musichana ametutesa sana. Sisi batu ba chini tutafanya nini?"

"Kompyuta hii njo ile Glodie alikuwekea?"

"Ile ile."

Beya hakumtazama. Alikuwa akitazama meza. Kompyuta ilikuwa nyeusi na nyembamba. Kuizunguka palikuwa na mraba mpana wa mbao safi, na nje ya mraba vumbi jekundu la miaka. Kitu kikubwa kuliko hicho kilikaa hapo siku nyingi, na hakikuondoka zamani.

"Meza yako inasema ingine, tata Dimitri."

Dimitri aliitazama meza kana kwamba imemsaliti. "Bon. Ile ya zamani iliungua. Courant ya umeme ilikatika, ikarudi na nguvu, ikaichoma. Fundi moja wa mujini akanifungia hii. Nikaona si neno la kumusumbua président."

"Lini?"

"Ijumaa ya kabla ya ajali."

"Na Jumamosi base ikaanza kukataa. Fundi alipoifungua, jina la kwanza aliandika mu mashine ni la nani?"

"Langu. Ni mi chef hapa."

"Fungua folda ya ramani."

Alifungua. Ramani za mashimo zikajipanga. Beya alivuta kiti, akaandika amri ile aliyofundishwa asubuhi, kisha akawaita Kassim na wachimbaji wawili waingie. Kassim alikuja akiruka kwa mguu mmoja, amemshikilia Nasoro bega.

"Kassim, unajua kusoma. Ramani ya shimo la Kaskazini. Mwenyewe ni nani?"

Kassim alisogeza uso kwenye skrini. "D, i, m... Dimitri." Akageuka. "Imeandikwa dimitri!"

Beya alitoa simu, akaweka sauti kubwa. "Tata président, uko mbele ya seva? Ramani ya shimo la Kaskazini. Mwenyewe ni nani?"

"Glodie!" sauti ya Antoine ilijaa chumba. "Nilikuambia, ni Glodie!"

"Ni faili moja, tata. Wewe unaiona kwa dirisha la Manika, sisi tunaiona kwa dirisha la Kapata. Namba yake ni elfu moja. Kwako elfu moja ni Glodie. Huku elfu moja ni Dimitri."

"Ni makosa ya mashine!" Dimitri alisema haraka. "Mi sikugusa kitu. Mashine inasema ovyo!"

"Labda," Beya alisema. "Tuipime. Mashine ikisema ovyo, itasema ovyo mbele yetu sote. Tata Dimitri, tengeneza faili mpya mu folda ile. Uiite Amani."

"Juu ya nini?"

"Juu mimi ni OPJ, polisi wa upelelezi, na ninakuomba vizuri."

Wachimbaji walikuwa wamejazana mlangoni, vichwa juu ya vichwa. Dimitri aliketi. Vidole vyake vilikosea neno mara mbili. Kisha akabonyeza.

"Tata président," Beya alisema kwenye simu. "Glodie anafanya nini sasa hivi?"

"Haafanye kitu. Ameketi. Mikono juu ya meza."

"Polisi anamuona?"

"Anamuona. Sote tunamuona."

"Angalia folda. Kuna faili mpya?"

Ilisikika kibodi ikigongwa kwa kidole kimoja. Kisha pumzi ya mtu aliyetiwa maji baridi mgongoni.

"Yesu wangu," Antoine alisema. "Kuna Amani. Imeandikwa sasa hivi. Imeandikwa na... na Glodie. Na Glodie ako hapa mbele yangu! Haajanyanyua hata kidole!"

Chumba kililipuka. Mtu alipiga sufuria ya kupimia kwa sepetu, mwingine akaita "Bwana asifiwe!", na Kassim akapiga ukuta kwa ngumi mpaka chokaa ikaanguka. Kupitia simu, kutoka Manika, ilisikika sauti ya Glodie kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kulegea: "Asante, Baba wa mbinguni!"

Beya alingoja watulie. Kisha akasema polepole, akimtazama Dimitri: "Base ilikukatalia siku ya kwanza, ukalalamika. Folda ikakufungulia, ukanyamaza. Ku mashine ya zamani Glodie alikuwa alikupa namba yako, unasoma tu. Ku mashine mpya ukajikuta bwana wa ramani. Ulijua lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Dimitri alikuwa amefika mwisho wake. Alilegea kitini, saa yake kubwa ikining'inia.

"Nilijaribu tu," alisema. "Shimo la Kaskazini njo lenye mawe ya muzuri. Président alilifunga, depo yangu ikabakia tupu, depo zingine zinacheka. Nikasema, mvua bado kidogo, ukuta utavumilia. Nikajaribu kufuta mustari. Ikakubali. Mi mwenyewe nilishangaa."

"Na ulipoona kule Manika inaandika Glodie?"

"Nikasema... nikasema Mungu amenifunika."

"Usimutie Mungu mu kinywa yako mu jambo hili," Beya alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mungu ndiye aliyemutoa Kassim mu shimo. Kukufunika ulijifunika mwenyewe, na blanketi ilikuwa ya mutu mwengine."

Nasoro alisimama mlangoni bila kuambiwa.

"Tata président, ungali pale?" Beya alirudi kwenye simu. "Musichana aondoshe mikono ku meza sasa. Kuna batu huku banangojea vibali."

Kilichofuata kilisimuliwa Kolwezi kwa siku nyingi. Glodie alikataa kuigusa kibodi. "Nilikatazwa mbele ya batu," alisema. "Tata ataandika, mi nitasema." Na Kapata yote ikamsikia kwenye simu rais wa ushirika akiandika kwa kidole kimoja, akigombezwa kwa heshima: hapana, tata, nukta kwanza, hapana, tata, umeruka mustari. Folda ikafungwa kwa wageni. Anwani ya mashine mpya ikaandikishwa kwenye base. Kisha Glodie akamwongoza Beya, hatua kwa hatua, kumpa mwenye mashine ya Kapata namba nyingine, isiyofanana na ya mtu yeyote Manika. Na kutoka kwenye nakala za akiba Antoine akairudisha ramani ya zamani.

"Sasa jaribu base, mama."

Beya alibonyeza. Skrini ilikaa tupu. Wachimbaji walisogea karibu. Kisha vibali vikaanza kushuka, jina baada ya jina, na kila mwenye jina akalipigia kelele kana kwamba ameitwa mbinguni. Beya akafungua ramani. Shimo la Kaskazini lilikuwa limezungukwa na mstari mwekundu, mnene, kama lilivyokuwa. Alijaribu kuweka faili ya Amani kwa mara ya pili. Safari hii folda nayo ilisema kweli: imekataliwa, mtu wa Kapata anasoma tu.

Kabla ya adhuhuri gari la Antoine liliingia likirusha tope. Alishuka yeye, kisha polisi, aliyekwenda moja kwa moja kumshika Dimitri, kisha Glodie. Mvua ilikuwa imekatika. Antoine alimshika Beya kiwiko na kutaka kumvuta nyuma ya nyumba.

"Mama Inspekta, tutaongea ndani, kidogo kidogo, mi na musichana. Nitamuomba musamaha. Haifai batu..."

"Hapana!" Kassim alisema kutoka benchi lake. "Tata président, ulimushtaki hapa hapa, mbele yetu, na mi mguu ungali unatoka damu. Ulimuchafua mbele ya batu, umuoshe mbele ya batu."

"Njo vile!" wachimbaji walijibu kwa pamoja.

Antoine alimtazama Beya. Beya alikuwa akifunga vifungo vya koti. "Nilimuomba Bwana anifunge mdomo, tata," alisema. "Hiyo ni ya kwako."

Basi Antoine alipanda juu ya benchi, karibu na mguu wa plasta. Alivua kofia. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya hotuba.

"Glodie, mwana yangu. Mi, Antoine, nilichafua jina lako mbele ya hawa batu. Mbele yao naliosha. Haukufanya kitu. Mi njo niliamuru mlango ubakie wazi, na mi njo nilikufunga. Na sasa munisikie wote, na Mama Inspekta asikie, na Mungu asikie. Naahidi: hakuna mutu atashuka tena mu shimo lenye mustari mwekundu, hata kama mi mwenyewe nitakuja hapa kumubembeleza. Na naahidi: mu ushirika huu hakuna mutu atafungwa tena juu ya jina lenye mashine moja imesema, mpaka tutaenda kuangalia ku dirisha la pili. Nikivunja, munishushe mu benchi hii na mikono yenu."

"Tumesikia," Kassim alisema.

"Tumesikia!" Kapata ikaitikia.